Shina la Mwani Mapajani

Saint Paul, hospitalini
Jumapili, 8 Juni

Dada Wambui,

Ukikuta nimepelekwa kwenye kipimo usinisubiri, najua una shifti. Nguo za kufua ziko kwenye mfuko wa buluu. Hiyo bahasha iliyofungwa ni ya mume wangu. Naomba uitie kwenye sanduku la posta la kule nyumbani kwetu Crystal, siyo hapa Saint Paul. Sijui posta yao inapiga muhuri wa wapi, lakini tusibahatishe.

Najua hupendi. Jana umeniuliza mara mbili kwa nini simwambii Mugisho kwamba nimelazwa, nami nikajifanya nasinzia. Ngoja nikuandikie, maana kwenye kuandika hunikatizi.

Mugisho ni mtoto wa wavuvi wa Baraka, ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Kwao mtu anayelala majini hapelekewi habari mbaya. Hata kama nyumbani wamezika, wanangoja mtumbwi uguse mchanga, wanampa maji anywe, anakaa chini, ndipo anaambiwa. Mama mkwe alinifundisha hivyo tukiwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kabla hata hajanifundisha kukaanga ndakala, wale dagaa wa ziwani kwao. Alisema mume akiwa na neno zito kichwani atakosea kamba, atakosea pa kukanyaga. Sasa Mugisho analala kwenye meli ya kukusanya samaki huko Alaska mpaka mwisho wa Agosti. Nimwambie damu imetoka? Nimwambie kondo la mtoto limekaa mlangoni limeziba njia, na daktari amesema nisitoke hapa mpaka wiki ya thelathini na sita? Yuko katikati ya bahari, atafanya nini? Aruke?

Leo nimetimiza wiki ishirini na tisa. Zimebaki saba. Nikitulia, mtoto anakaa. Damu ikitoka nyingi tena watanipasua saa hiyo hiyo, hata kama bado ni mdogo. Basi kazi yangu ni kulala tu, dada, na sijawahi kupewa kazi ngumu hivi.

Mwambie Gentille mama yake anamsikia kila jioni kwenye simu. Akikujibu kwa Kiingereza usimwachie.

Joyeuse


Crystal, 8 Juni

Baba Gentille,

Nakusalimu nikiwa hapa sebuleni kwetu, kwenye lile kochi lenye springi inayochoma. Sisi wazima. Jirani wa juu bado anacheza mpira ndani ya nyumba, nimezoea, akinyamaza nashtuka. Nyanya za kwenye ndoo barazani zimetoa maua.

Mtoto anacheza. Ikifika muda wa uji anapiga teke upande wa kulia, siyo kushoto, kulia tu, kama ana mlango wake huko. Gentille ameniuliza eti samaki nao wana Jumatatu. Miaka minne anauliza hivyo, akifika kumi sijui tutajificha wapi. Wambui anamchukua siku nyingine ili nipumzike, usije ukasikia kwa watu ukadhani naumwa.

Simu usihangaike nayo. Najua iko moja, ofisini kiwandani, na foleni yake ni ya mkate. Ikikatika imekatika, lakini barua naweza kuirudia mpaka niishike kwa kichwa. Nataka kitu kimoja tu. Niandikie siku moja nzima, tangu ulipoamka. Siyo kazi. Siku tu, hata kama haina kitu ndani yake.

Mkeo,
Mama Gentille


Kisiwani, Alaska
Jumatatu, 16 Juni

Mama Gentille,

Barua yako imekuja na ndege ya Jumamosi. Usishangae mwandiko, naandika juu ya goti na hapa panatikisika. Umeomba siku moja nzima. Chukua ya jana, maana jana meli ilipumzika na hakuna kilichotokea.

Alvin, yule Mkenya wa Kisii ninayelala naye chumba kimoja, ana kayaki mbili, aliachiwa na mzungu aliyehama. Kayaki ni mtumbwi wa plastiki mwembamba, unakaa umenyoosha miguu kama mtoto anayelishwa. Mama angeuona angesema hiki ni kiatu. Saa moja asubuhi tulikuwa majini. Alvin akafunga kamba kati yetu akanivuta, mimi nimekaa nyuma kama chifu. Uvivu tu, usicheke.

Mwani wa huku siyo ule wa kukanyaga ufukweni. Unaota chini kabisa kwenye mwamba, unapanda kama mti, urefu wa nyumba ya ghorofa tatu. Ukifika juu una kichwa kama kitunguu kikubwa, na majani yake yamelala juu ya maji kama nywele za mtu aliyetoka kuoga. Ni vichwa vingi, huwezi kuvimaliza kwa macho. Ukipita katikati vinagonga plastiki chini ya makalio yako, to, to, to, kama watu wanapiga hodi.

Samaki wanakaa chini humo, kwenye kivuli. Na pale nanga huhitaji. Unavuta shina moja la mwani unalilaza mapajani, basi, limekushika. Maji yanaenda, wewe huendi. Alvin akaniwekea shina, akasema anazunguka nyuma ya mwamba kujaribu upande wa pili.

Nikashusha ndoana. Hakuna. Nikabadilisha chambo. Hakuna. Jua likachungulia likarudi zake. Sili mmoja, mnyama wa baharini mwenye masharubu, akatoa kichwa, ana sura ya mjomba wako Elisée akinyimwa mchuzi, akaniangalia, akaona sina kitu, akazama. Saa nne, saa tano. Nikapata samaki mmoja wa rangi ya kutu, mkubwa kama kiganja cha Gentille. Nikamrudisha kwa mama yake.

Saa sita ukungu ukashuka, nikawa sioni hata ncha ya kayaki. Ndani ya ukungu unasikia tu mwani ukipanda na kushuka na maji, kama mtu anapumua amelala. Shina hapo mapajani ni baridi na zito. Linavuta kidogo, linaachia, linavuta tena. Nikasema haya, nakaa. Nikawa navuta pumzi linapovuta, naitoa linapoachia. Nikafikiria tumbo lako. Sikufanya kitu kingine mpaka saa tisa, Alvin aliporudi akiimba tenzi vibaya.

Hiyo ndiyo siku. Nilipumzika sana. Mwambie Gentille samaki hawana Jumatatu, kila siku kwao ni Jumapili, ndiyo maana hawashikiki.

Wako,
Mugisho


Jumamosi, 21 Juni

Mama Gentille,

Nimekuja nikapata umelala, nesi akaniambia nisikuamshe kwa sababu jana usiku ulitoka damu kidogo. Hukunitumia hata message. Tutaongea hiyo.

Barua ya mzee ndiyo hii. Kuna chapati kwenye foil, kula kabla ziwe mbao. Gentille yuko sawa, jana nime-drive na yeye mpaka New Hope akiniimbia, ameanza kusema "Wambui bwana" vile wewe husema.

Na nikuambie kitu kama dada mkubwa. Sisi kwetu Nyeri habari mbaya tunaambiana kabla chai haijachemka. Mwanaume ana haki ya kujua mahali bibi yake analala. Lakini nimeposti, kwa sababu uliniomba.

Wambui


Crystal, 24 Juni

Baba Gentille,

Usishangae karatasi, daftari limeisha. Hizi Wambui ananiletea kutoka kazini kwake, upande mmoja mtupu, ni haramu kutupa.

Nimesoma siku yako mara nyingi mpaka kona zimelainika. Hujui umenipa nini. Huku kwetu joto limekuwa kali na miguu imevimba, basi mchana nalala sana, na kulala kulikuwa kunanikera. Nilikuwa nahisi kama nimefungiwa. Dari ina vibao ishirini na nne vyenye matundu, na kimoja kina doa linalofanana na kiatu. Nilifika mahali nataka kulipigia kelele lile doa.

Sasa nafanya kama wewe. Nalaza kitu mapajani, kanga au waya au chochote, najisemea haya, hili ni shina, limenishika. Maji yanaenda, mimi siendi. Linapovuta navuta pumzi. Treni ikipita chini ya dirisha nahesabu ni wimbi limepita, kila dakika kumi moja, na siku inasogea. Zamani saa moja ilikuwa ndefu kama foleni ya mahindi kambini. Sasa naweza kukaa mpaka saa tisa kama wewe, na sijapata hata samaki wa kutu.

Sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kushikwa na akapumzika. Wewe ndiye umenionyesha.

Lakini niulize. Tangu lini mtoto wa Baraka anavutwa kwa kamba kama mbuzi wa sikukuu? Wewe uliyesema ulipiga kasia kabla hujaota meno ya mbele? Na mwandiko wako umeegemea upande mmoja kama nyumba ya udongo baada ya mvua. Lile goti lina nini? Haya, sikuulizi zaidi. Uko majini. Ukirudi nchi kavu nitakuuliza vizuri, na chakula mbele yako.

Mtoto bado anapiga kulia.

Mkeo,
Mama Gentille


Kisiwani
Jumanne, 1 Julai

Joyeuse,

Crystal hakuna treni inayopita chini ya dirisha letu kila dakika kumi. Chini ya dirisha letu kuna mapipa ya taka na gari la jirani lisilo na tairi. Nilisoma mahali hapo nikarudi, nikasoma tena, nikadhani ni ndoto za mimba. Halafu nikageuza karatasi.

Upande wa pili ni orodha ya chakula. Umezungushia duara mayai na ndizi, samaki umemkata mistari miwili. Juu kuna jina lako, namba ya chumba na tarehe yako ya kuzaliwa. Nikampelekea Alvin, Kiingereza anakijua kuliko mimi. Akasoma yale maandishi madogo ya chini, jina la hospitali na wodi, akaniambia kaa chini kwanza.

Nimekaa foleni ya simu nikampata Wambui. Ameniambia yote, wiki, damu, kondo. Halafu amenisema mpaka wa nyuma yangu wakasikia. Sikukupigia wewe kwa sababu ningelia mbele ya karani, na wewe ungelia, na Wambui amesema usitikiswe.

Sasa sikiliza na mimi. Uliogopa kumwambia mtu aliye majini. Mimi sipo majini. Tangu tarehe ishirini na nane Mei nalala nchi kavu. Mkono wangu wa kulia ulinaswa kwenye mkanda wa kupandishia barafu pale melini. Wameushona, nimebaki nao wote, lakini vidole viwili havijirudishi, vimelala kama vya mtu mwingine. Nimewekwa ghalani kuhesabu maboksi nikisubiri daktari anayekuja mara moja kwa wiki. Barua hizi naandika kwa kushoto. Ndiyo hilo goti.

Kwa hiyo sheria ya mama haikuhusu, ungeweza kuniambia siku ile ile. Na mimi nilikuficha kwa sababu ungeuliza, kama uko nchi kavu, mbona hurudi? Na sikuwa na jibu zuri. Nilijiambia, baba wa watoto wawili asiyeweza kufunga kifungo cha shati lake anarudi nyumbani kufanya nini? Nani atambeba nani?

Na siku ile ya mwani sikupumzika, Joyeuse. Nilinasa. Alvin alipoondoka nikataka kusogea kidogo, mkono mmoja haupigi kasia, kayaki ikazunguka, mashina yakajifunga nyuma na mbele. Nilivuta yakakaza. Nikapinda upande mmoja, maji yakaingia mpaka kiunoni. Ndipo ukungu ukaja. Nilimwita Alvin mpaka sauti ikakatika. Mwisho nikaona nikipigana nitapinduka, na maji ya huku ni ya barafu. Nikasema nakaa. Siyo kwa sababu ni mjasiri. Hakukuwa na kingine cha kufanya. Hizo pumzi nilizokuandikia ni za mtu aliyeogopa.

Nisamehe. Ulijifunza kupumzika kwa mtu aliyekuwa amekwama.

Ndege ya kiwanda ya kuturudisha nyumbani ni mwisho wa msimu, sitaingoja. Jumamosi tarehe tano napanda feri. Siku tatu majini bila mtandao mpaka jimbo la Washington, kutoka hapo basi siku mbili. Wambui atanipokea. Usifanye kitu. Kaa.

Mugisho


Saint Paul, hospitalini
Jumatano, 9 Julai

Baba Gentille,

Barua hii atakupa Wambui ukishashuka basi, ukishakunywa maji na kukaa. Nimemkataza kukuambia neno kwenye simu isipokuwa kwamba nipo. Amenuna, kasema sisi watu wa ziwa tutamuua kwa presha. Basi nalo linatikisika, nimelihesabu kama maji. Kama hujakaa, kaa.

Barua yako ya tarehe moja Wambui aliileta juzi Jumatatu asubuhi. Niliisoma mara moja na nusu. Ile nusu nilifika pale uliposema ulinasa, nikasikia joto chini yangu, nikajua kabla sijafunua shuka. Nikabonyeza kile kitufe chekundu. Wakaja watu wengi, hata sikujua hospitali ina watu wengi hivyo, kitanda kinakimbia, taa za dari zinapita juu yangu moja moja. Mmoja ananiuliza jina langu, mwingine anasema usisukume, usijikaze, tulia. Mapajani mwangu kulikuwa na ule waya wa kusikilizia moyo wa mtoto, hawakuwahi kuutoa. Nikaushika.

Wewe unasema zile pumzi zilikuwa za mtu aliyeogopa. Mimi nilijua. Siyo kwa akili, sijui kueleza, lakini mtu aliyepumzika hahesabu pumzi zake. Nilizipenda kwa sababu zilifanana na zangu. Basi usiniombe msamaha kwa hilo. Ulipokaa, nami nilikaa. Mwezi mzima nilikaa hapa, wiki moja baada ya nyingine, na daktari amesema kila moja ilimkomaza mtoto mapafu.

Ni msichana. Wiki thelathini na tatu na siku moja, amezaliwa saa tano kasorobo asubuhi. Ni mdogo, ana sura ya mama yako akikasirika. Jana walikuwa wananiambia tusubiri, tusubiri, ndiyo maana jana sikuandika. Leo asubuhi daktari wa watoto amekuja akavuta kiti, nikaogopa, maana wakivuta kiti huwa siyo vizuri. Akasema anapumua mwenyewe, mrija wa puani unamsaidia kidogo tu, na amekojoa. Alifurahia ule mkojo kama mtu aliyepata kibali cha kuishi hapa.

Mimi nimeshonwa, nikicheka naumia, kwa hiyo usiniletee vichekesho vya Alvin. Wananisukuma kwa kiti cha magurudumu mpaka kwake mara tatu kwa siku. Jina hana. Kadi yake imeandikwa Mtoto wa Joyeuse, nimewaambia baba yake yuko majini anakuja na jina. Gentille amemwona kwenye picha ya simu, akaangalia sana, halafu akaniuliza kwa Kiswahili kabisa, "Mama, mbona amefungwa kamba?" Nikamwambia ameshikiliwa asije akaondoka na maji. Ameridhika.

Sasa hilo la mkono wako. Nitakasirika vizuri nikipona, ujiandae. Mwezi mzima na zaidi umekula na mkono mmoja na hukuniambia, nani alikuwa anakukatia nyama? Lakini ulichouliza, utarudi kufanya nini, hicho nakujibu leo.

Mtoto yuko kwenye sanduku la kioo. Halifunguliwi. Ubavuni kuna tundu la mviringo lenye kifuniko, ndipo tunapoingiza mkono. Nesi hapendi aguswe huku na huku, anasema anachoka, anapenda mkono mmoja, umetulia, umekaa juu yake bila kupapasa. Mimi nimejaribu, lakini kwenye kiti hiki nikijipinda kidonda kinavuta, siwezi kukaa zaidi ya dakika kumi. Nikiutoa mkono anaanza kutafuta hewani kwa mkono wake wa kulia, bado ni kulia tu. Anahitaji mtu anayeweza kukaa mahali pamoja saa tatu asifanye kitu.

Ukifika ghorofa ya nne unanawa mikono kwenye sinki la kushoto, mpaka kwenye kiwiko, pete unavua. Sema wewe ni baba wa mtoto wa Joyeuse. Tundu linaingia mkono mmoja. Leta huo wa kushoto.

Tunakusubiri,
Mama Gentille